"Usiwaze sana" si dawa

Mtu akionekana ana mawazo, neno la kwanza atakaloambiwa ni "usiwaze sana". Husemwa kwa upendo, na halisaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, huko Texas nchini Marekani, waliwaomba wanafunzi wakae dakika 5 bila kumfikiria dubu mweupe, na wagonge kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Kisha walipoambiwa sasa wamfikirie, wale waliokuwa wakimkwepa mwanzoni walimfikiria zaidi kuliko waliopewa ruhusa tangu awali. Ili ujue kama bado hulifikirii jambo, sehemu ya akili lazima ibaki mlangoni ikichungulia kama linakuja. Mlinzi huyo ndiye anayelifungulia mlango.

Kwa hiyo kazi haianzi kwa kufukuza. Inaanza kwa kulikamata wazo, kuliandika kwa maneno yake lenyewe, kisha kulidai ushahidi kama unavyomdai yeyote anayekuja na tuhuma. Ni daftari, kalamu na dakika 10 hadi 15. Ukiisoma hivi inaonekana rahisi mno, ndiyo maana wengi huijaribu siku tatu, wanaona haifanyi kitu, wanaiacha. Wakiniletea madaftari yao, makosa huwa yaleyale.

Kwanza, lipi hasa la kukamata? Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili huko Philadelphia, aligundua katika miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka), mbali na yale waliyokuwa wakimsimulia, walikuwa na mkondo wa pili wa maneno uliopita chinichini kwa kasi. Maneno mafupi, kama telegramu, ile simu ya maandishi ya zamani iliyolipiwa kwa neno: "Nimeharibu." "Wamenichoka." "Mimi basi tena." Hayakuitwa, na yalipokuja hayakuulizwa. Hayo ndiyo mawazo yanayojitokea yenyewe, na ndiyo yanayobadilisha hali ya moyo ndani ya sekunde chache. Mawazo marefu unayoyakumbuka usiku, yenye hoja na mifano, kwa kawaida ni ufafanuzi uliokuja baadaye.

Kwa kuwa hupita haraka, huwezi kuyavizia. Kinachokamatika ni badiliko la hali: kifua kimebana ghafla, taya zimekaza, umeshika simu bila kuwa na la kufanya nayo, umetamani kuondoka ulipo. Hiyo ndiyo kengele. Ikilia, jiulize palepale: "Sasa hivi nimejisemea nini?" Kama huwezi kuandika wakati huo, chukua maneno manne matano kwenye simu, ukamilishe siku hiyohiyo. Ukingoja hadi kesho utaandika insha, na insha haina lile neno lililouma.

Gawanya ukurasa safu saba. Tukio: kilichotokea, kama kamera ingekinasa, bila maoni. Hisia, kwa neno moja, na nguvu yake kati ya 0 na 100. Wazo, na unaliamini kwa kiasi gani kati ya 0 na 100. Ushahidi unaolibeba. Ushahidi unaolipinga. Wazo jipya lililopimwa. Mwisho, hisia ileile tena, na namba yake ya sasa. Wiki ya kwanza jaza safu tatu za mwanzo tu, mara moja au mbili kwa siku. Anayerukia safu ya tano siku ya kwanza hubishana na kitu ambacho hajakiona vizuri.

Kosa kubwa kuliko yote liko katika safu ya pili na ya tatu, na lugha yetu inalichangia. Neno "nahisi" tunalitumia kwa mambo mawili. "Nahisi huzuni" ni hisia. "Nahisi amenuna" ni kubahatisha kuhusu moyo wa mtu mwingine. "Nahisi kama hawanithamini" inasikika kama hisia, kumbe ni dai zima kuhusu watu kadhaa. Hisia huwa ni neno moja: huzuni, hofu, hasira, aibu, hatia, wivu, upweke. Ukihitaji "kama" au "kwamba" kuikamilisha, hiyo si hisia, ihamishie safu ya tatu. Ukiiacha safu ya pili haitahojiwa kamwe, maana hisia haina ukweli wala uongo. Anayeona aibu anaona aibu, na hakuna ushahidi wa kumwonyesha kwamba haoni.

Kosa la pili ni kuandika swali. "Kwa nini mimi?" "Itakuwaje nikishindwa?" Swali halipimiki, na ndiyo sababu linaweza kukaa kichwani mwezi mzima bila kuchoka. Ligeuze liwe taarifa. "Itakuwaje nikishindwa?" likifunguliwa linatoa "Nikishindwa mtihani huu nitadharauliwa na kila mtu na sitapata nafasi nyingine". Inatisha zaidi kuiandika hivyo, lakini sasa kuna madai mawili ya kushika: kila mtu, na nafasi nyingine.

La tatu ni kuishia juujuu. Mtu anaandika "Hakujibu ujumbe wangu", hofu 80. Lakini kutojibiwa ujumbe si jambo la 80. Chimba: "Na hilo likiwa kweli, lina maana gani kwangu?" Ananikwepa. Na hilo lina maana gani? Nimemkera. Na hilo? Mimi huwakera watu wote mwishowe. Hapo ndipo 80 ilipo. Mara tatu au nne za kuchimba zinatosha. Usichimbe usiku wa manane, wala hisia ikiwa imefika 90 na zaidi. Wakati huo tembea kwanza, nawa uso, ongea na mtu, urudi ikishuka.

Sasa mfano mzima. Jioni mtu amepata ujumbe wa mkuu wake wa kazi: "Njoo ofisini kesho saa tatu." Hakuna salamu, hakuna maelezo. Hofu 85. Wazo: "Ameliona kosa langu, naachishwa kazi." Analiamini 90. Ushahidi unaolibeba: ripoti ya wiki iliyopita ilikuwa na kosa kweli, na ujumbe ni mkavu. Unaolipinga: mkuu huyu huandika hivyo kwa kila mtu, mwezi huu ameita watu watatu na wote wapo kazini, kosa lilirekebishwa siku ileile na barua ya kulalamika haikuja, hapo kazini mtu hupewa onyo la maandishi kabla ya lolote. Wazo lililopimwa: "Sijui ananiitia nini. Huenda ni ile ripoti, na ikiwa ndiyo, nitaeleza nilivyoirekebisha. Kufukuzwa kesho asubuhi hakufanani na jinsi mambo yanavyokwenda hapa." Hofu inashuka hadi 50.

Watu huikodolea macho hiyo 50 na kusema haikufanya kazi. Imefanya. Bado hajui anaitiwa nini, na kiasi fulani cha hofu ni halali yake. Tofauti ya 85 na 50 ni kulala na kuandaa maelezo, badala ya kukesha na kuandika barua ya kujiuzulu. Ikishuka hadi 0 mimi huwa na shaka zaidi, maana mara nyingi mwenye daftari amejidanganya.

Isiposogea kabisa, sababu huwa moja kati ya tatu. Huenda wazo ulilolihoji si lile lenye moto, rudi ukachimbe. Au ushahidi ulioweka si ushahidi bali ni kujipa moyo: "mimi ni mtu mzuri", "Mungu yupo", "mambo yatakuwa sawa". Yanaweza kuwa kweli yote na bado yasijibu dai lililoko mezani. Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, mtu wa tatu asiyekujua angekikubali? "Najiona mjinga" hakipiti, si upande huu wala ule. "Nimefeli mitihani miwili kati ya sita" kinapita.

Sababu ya tatu ni kwamba wazo ni la kweli. Hili halisemwi vya kutosha. Deni lipo, ndoa imeyumba kweli, kazi imekwisha. Hapo funga safu za ushahidi, fungua ukurasa mwingine, na lifanye tatizo la kutatua: liandike kwa sentensi moja, orodhesha njia tano au zaidi hata za kipuuzi, chagua moja, na uandike hatua ya kwanza pamoja na siku na saa. Na lipo lile ambalo ni kweli na halitatuliki, kama msiba. Aliyefiwa hana kosa la kufikiri. Usimpe safu saba. Anahitaji watu na muda. Vivyo hivyo anayepigwa au kutishwa nyumbani: "nipo hatarini" si wazo hasi, ni habari, na kazi ni usalama.

Kuna orodha maarufu za makosa ya kufikiri, na zina faida yake. Manne yanatosha kuanza nayo: kubashiri mabaya kana kwamba yameshatokea, kusoma mioyo ya watu, kuona mambo ni yote au si lolote, na kufuta mema ("walinisifu kwa heshima tu"). Sikiliza maneno yanayoyafichua: kila siku, kamwe, wote, hakuna hata mmoja, lazima, mimi ndiye. Lakini kulipa kosa jina si kulijibu. Nimeona kurasa zilizojaa majina matupu, "kubashiri, kubashiri, kusoma mioyo", bila mstari mmoja wa ushahidi, na namba za hisia hazijasogea hata tano.

Kuhusu kusimama mbele ya kioo na kujiambia maneno matamu: mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake, nchini Kanada, walichapisha majaribio ambamo watu walijirudia sentensi ya kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wanajithamini tayari walinufaika kidogo. Waliokuwa hawajithamini, yaani haohao ambao dawa imekusudiwa wao, waliishia kujisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakujirudia chochote. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba ukijipa sentensi iliyo mbali mno na unachokiamini, akili inaijibu papo hapo kwa mifano ya kinyume. Ndiyo maana safu ya sita nayo ipewe namba. Ukiwa huiamini hata 50, ipunguze. "Mimi ni hodari" ikikataa, jaribu "kazi hii nimeiweza mara nne, safari hii imenishinda".

Daftari lina adui mmoja anayefanana nalo sana. Ng'ombe akishalala hukirudisha alichokula na kukitafuna tena, tunaita kucheua. Akili nayo hucheua, na anayecheua mawazo hudhani anatafuta suluhisho. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi akionyesha kwamba mtu mwenye huzuni anayeendelea kuigeuzageuza huzuni yake na chanzo chake huongeza muda wa huzuni hiyo. Jipime hivi: baada ya dakika 10 za kuwaza, je, nina uamuzi, hatua, au jambo nililolijua upya? Kama sina, nilikuwa nacheua. Alama nyingine ni aina ya maswali. Kucheua hupenda "kwa nini": kwa nini alisema vile, kwa nini mimi ni hivi. Kutatua huuliza "vipi", "lini", "hatua gani".

Kwa mtu wa kucheua, na kwa mwenye wasiwasi wa kuruka kutoka jambo hadi jambo, safu saba kila mara zinaweza kuwa jani jingine la kutafuna. Kinachomfaa zaidi ni miadi na wasiwasi wake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake walijaribu njia hii: chagua nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale, ndiyo iwe saa ya wasiwasi. Wasiwasi ukija nje ya saa hiyo, uandike kwa maneno matatu na uuambie utausikiliza saa kumi na moja. Kisha rudi kwenye kilicho mbele yako. Saa ikifika, kaa, fungua orodha, shughulikia. Mambo mengi utayakuta yamepoa. Yaliyopoa usiyapashe moto.

Inapoharibika, huharibika hivi. Mtu anaiweka saa karibu na kulala, anaingia kitandani kichwa kikiwa bado kinachemka. Au anafanyia kitandani, na kitanda kinageuka mahali pa kuwazia. Au, kosa baya kuliko hayo, siku mbili tatu hatokei kwenye miadi yake mwenyewe kwa sababu "leo najisikia vizuri". Akili iliyokubali kungoja inaona imedanganywa, na wiki inayofuata haikubali tena kungoja. Nenda hata kama orodha ni tupu, kaa dakika tano, funga daftari.

Usiku una kanuni yake. Mtafiti wa usingizi Michael Scullin na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la vijana 57 walioandika kwa dakika 5 kabla ya kulala: nusu waliandika kazi zinazowangoja, nusu walizokwisha kuzimaliza. Walioandika zinazowangoja walipata usingizi mapema zaidi, kwa wastani wa dakika 9 hivi, na kadiri orodha ilivyokuwa mahususi ndivyo walivyolala haraka. Basi usiku usihoji mawazo. Orodhesha ya kesho, kwa vitenzi: "kupiga simu", "kujaza fomu". Ukikaa macho kiasi cha dakika 20, toka kitandani, keti penye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija.

Lakini yapo mawazo ambayo karatasi haiwezi kuyamaliza, hata ujaze madaftari kumi. "Hakuna anayetaka kunisikiliza" ni moja. Unaweza kulikusanyia ushahidi wa kale, nalo likasema hayo yalikuwa zamani. Hilo hupelekwa nje likajaribiwe. Andika unachotabiri kwa kitu kinachoonekana: si "atanichoka", kwa maana hutajua amechoka au hakuchoka, bali "nikimpigia, atakata simu kabla ya dakika 2". Andika unaamini kwa kiasi gani. Piga. Andika kilichotokea siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijakipaka rangi. Fanya na watu watatu tofauti, kwa sababu jibu moja halithibitishi kitu.

Angalia magongo. Wengi huingia kwenye jaribio wakiwa wameshika gongo la kujiegemeza: anapiga simu akiwa na kisingizio tayari, anaongea haraka ili asimchoshe mwenzake, mkutanoni anakaa karibu na mlango. Mambo yakienda vizuri, sifa inaenda kwa gongo: "hakuchoka kwa sababu nilimaliza mapema". Kwa hiyo liandike gongo lako kabla, na safari ya pili liache nyumbani. Hapo ndipo namba ya imani husogea kweli.

Sonona inapokuwa nzito, anza na vitendo, daftari lifuate. Mtu aliyeishiwa nguvu hana nguvu ya kupima ushahidi, na wazo lake kuu ni "nitafanya nikijisikia". Hatajisikia. Katika hali hiyo hamu hutanguliwa na kitendo, si kinyume chake. Mpangie mambo madogo kwa saa, siyo kwa hamu: kuoga, kutembea dakika 10, kumjibu mtu mmoja. Kila moja lipewe alama mbili kati ya 0 na 10, moja ya raha na moja ya kuona umeweza. Raha mwanzoni huwa 1 au 2, na wengi hukata tamaa hapo. Ile ya kuweza ndiyo hupanda kwanza.

Kwa wazo linalorudi baada ya kuhojiwa mara kadhaa, usilihoji tena. Badili kauli tu: badala ya "mimi ni mzigo", sema "nimepata lile wazo la kwamba mimi ni mzigo". Au zungumza nalo kwa kujitaja jina lako, kama mtu anayemshauri ndugu yake. Inaonekana kichekesho hadi uijaribu.

Wapo ambao njia hii ya ushahidi huwadhuru. Mtu anayevamiwa na wazo la kutisha asilolitaka, kisha akalazimika kunawa, kuhesabu, kukagua mlango au kuomba ahakikishiwe, akipewa safu ya ushahidi ataifanya kuwa ibada nyingine: atapima asubuhi, mchana na jioni. Huyo ana tatizo lenye matibabu yake, ambamo hujifunza kukabili wazo bila kufanya ibada, na anahitaji mtaalamu. Anayerudiwa na picha za tukio la kutisha alilopitia naye asiachwe peke yake na daftari.

Na ikiwa huzuni au kukosa hamu ya chochote kumedumu karibu kutwa, karibu kila siku, kwa wiki mbili, huku usingizi, kula na umakini vikiharibika, mtafute daktari, mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Tiba ya aina hii, ya kuhoji mawazo na kubadili vitendo, kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20, na daftari ulilolianza si kazi bure. Lipeleke kikao cha kwanza. Likija wazo la kujiua au kujidhuru, usilihoji kwa safu saba. Mwambie mtu siku hiyohiyo, usikae peke yako, vitu vya hatari viondolewe ulipo, na mwende kituo cha afya.

Kila mwisho wa mwezi tenga nusu saa ya kusoma kurasa za nyuma. Usisome hisia, soma ubashiri peke yake, na pembeni ya kila mmoja weka alama: ulitimia, haukutimia, au ulitimia lakini haukuwa kama ulivyoogopa. Hesabu kila fungu. Kisha tazama sentensi zinazojirudia katika safu ya tatu. Kwa watu wengi, kurasa 30 zina sentensi mbili au tatu tu zilizobadilisha nguo. Ziandike hizo kwenye jalada la ndani la daftari jipya, ili siku mojawapo itakapokuja tena uitambue kwa sura.